Baridi Inayosifiwa

 Katika mazungumzo ya jioni hii nimekusudia kulipima neno moja la Kiingereza, fupi kwa umbo, lenye silabi moja tu, ambalo hata mtu asiyesoma lugha ile hulisikia katika nyimbo, katika sinema na katika vinywa vya vijana wetu. Neno lenyewe ni cool. Kamusi itamwambia mwanafunzi kwamba maana yake ni chenye ubaridi wa kiasi, usiodhuru mwili. Walakini mwanafunzi huyo akiichukua maana hiyo peke yake akashuka nayo London au Chicago, adhuhuri haitamkuta kabla hajasikia viatu, mwalimu, wimbo, ahadi, msamaha na hata jumla ya fedha vikisifiwa kwa ubaridi, ilhali jua linawaka na hapana aliyevigusa akajua vina joto la kadiri gani.

Wako wasemao kwamba huo ni uharibifu wa lugha, ati vijana wamelichukua neno safi wakalitia matope. Rai yangu ni nyingine. Maana za neno hili ni nyingi, lakini hazikuja kwa fujo. Kila moja ililetwa na watu waliokuwa na haja nayo, na ile iliyolipa neno umaarufu wake ulimwenguni ilifuliwa na watu waliokuwa katika dhiki, wala haikubuniwa na vijana walioshiba wakakosa la kufanya. Tukiifuata nasaba yake taratibu, tutaona kwamba hata sisi Waswahili tuna hisa yetu katika habari hii.

Asili ya neno ni Kiingereza cha kale, na ndugu zake wamo katika Kijerumani na Kiholanzi hata leo. Waingereza hupanga joto kwa daraja: iko ya moto, iko ya vuguvugu, iko ya ubaridi upendezao, kisha iko ya baridi kali iumizayo mifupa, na neno letu limekaa daraja ile ya tatu, penye raha. Sisi kwa kawaida huziita daraja mbili za mwisho kwa jina moja, baridi, ijapokuwa mtu wa pwani aijuaye miezi ya kipupwe, kusi inapovuma na mashuka yakatolewa sandukuni, hana haja ya kufundishwa tofauti iliyopo baina ya baridi ya kustarehesha na baridi ya kutetemesha.

Kutoka ngozini neno liliingia moyoni mapema sana. Katika utenzi wa kale uitwao Beowulf, ambao mswada wake uliosalia ni wa takriban mwaka 1000, inasimuliwa habari ya mwana wa mfalme, jina lake Ingeld, ambaye mapenzi yake kwa mkewe yanatabiriwa kuwa yatapoa kwa sababu ya majonzi na kisasi kilichomjaa kifuani. Hapo ubaridi si sifa, bali ni hasara ya mahaba. Miaka mia sita baadaye, Shakespeare akaligeuza upande wa pili: katika tamthilia ya Hamlet, mama anamsihi mwanawe aliyepandwa na hamaki ainyunyizie ghadhabu yake subira, na subira ile anaisifu kwa neno hilihili. Kwa hiyo tangu zama hizo neno lilikwisha kuwa na nyuso mbili, moja ya kulaumu moyo usiopenda, na moja ya kusifu moyo usiochemka. Naomba msikilizaji azishike nyuso hizo mbili, kwa kuwa hazikuachana mpaka leo.

Mtu asiyechemka huweza kuwa mwenye hikima, lakini pia huweza kuwa fidhuli, na Waingereza hawakuchelewa kuliona hilo. Wakalitumia neno kwa mtu atendaye jambo la kuaibisha, wala asione haya, uso wake umetulia kana kwamba hakufanya neno. Mfano ulio maarufu ni wa Abraham Lincoln, alipohutubia New York tarehe 27 Februari 1860, kabla hajawa rais. Watu wa majimbo ya Kusini walikuwa wakitishia kuuvunja muungano wa Marekani endapo atachaguliwa rais wa chama cha Republican, na zaidi ya hayo wakisema kwamba lawama ya kuvunjika kwake itawaangukia wapinzani wao. Lincoln akayataja madai hayo, kisha akajibu kwa sentensi fupi mno, ambayo ndani yake neno letu lilibeba dhihaka yote. Halafu akaleta mathali ya mnyang'anyi wa njiani amwekeaye mtu bastola sikioni, akimwambia atoe mali yake, la sivyo atamwua, na akimwua basi mwenye mali ndiye atakayekuwa mwuaji. Kijana wa leo akiisoma hotuba ile bila mwalimu atadhani Lincoln aliwasifu watu wa Kusini, kumbe alikuwa akiwasuta.

Fedha nazo zina habari yake. Tangu karne ya kumi na nane Waingereza walizoea kuitaja jumla kubwa ya fedha kwa kuitia neno hili mbele, kuonyesha kwamba ni fedha nzima, taslimu, isiyopunguka hata senti. Henry Fielding alilitumia hivyo katika kitabu chake Tom Jones, kilichotoka mwaka 1749. Aliyelifanyia mzaha uliopendeza ni Charles Dickens katika Great Expectations, ambamo Joe, mhunzi mwenye moyo mwema na elimu haba, anamletea Pip habari kwamba bibi mmoja tajiri ameacha wasia wa pauni elfu nne, na kila akizitaja pauni zile hasahau kuzisifu kwa ubaridi wake. Pip anakiri kwamba hakupata kujua Joe aliyatoa wapi hayo ya joto na baridi ya fedha, ila aliona dhahiri kwamba jumla ile ilimzidia utamu Joe kila alipokazania kuwa ni baridi.

Misemo mingine nitaipitia kwa haraka. Mtulivu hufananishwa na tango, na mfano huo umo katika shairi la John Gay la mwaka 1732. Aliyengojeshwa katika baraza ya mkubwa saa nzima husemwa kuwa amepoza visigino vyake. Gereza kwa lugha ya mitaani limeitwa mahali pa kupozea watu. Na mgeni aliyepokewa kwa uso mkavu, hakuambiwa karibu wala keti, husema kwamba mapokezi yake yalikuwa ya ubaridi, na hapo hapana anayemwonea kijicho.

Sasa tuvuke bahari, tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Maana ya kusifu, ile ambayo kijana yeyote wa leo huifahamu kabla ya nyingine zote, ilikomaa katika vinywa vya Waamerika weusi. Mwandishi Zora Neale Hurston, aliyelelewa katika mji wa Eatonville, jimbo la Florida, uliokuwa mji wa watu weusi wenyewe, aliisikiliza lugha ya watu wake kwa sikio la mtaalamu, na katika hadithi yake The Gilded Six-Bits ya mwaka 1933 yumo mtu anayelitumia neno hili kwa jambo linalozidisha uzuri juu ya uzuri. Kwa hiyo, kabla wanamuziki hawajalitangaza mijini, tayari lilikuwa likisemwa kusini, na watu wasioandikwa magazetini.

Wanamuziki ndio walioliuza nje. Jazi ya miaka ya 1920 ilijulikana kwa sifa ya moto; Louis Armstrong alipounda kundi lake la kurekodi mwaka 1925, hata jina la kundi lilikuwa la moto. Baadaye akatokea mpiga saksofoni Lester Young, mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1909, ambaye aghalabu ndiye anayenasibishwa na kulieneza neno letu miongoni mwa wapigaji wenzake. Mtazameni katika picha zake: kofia ya ukingo mpana kichwani, saksofoni ameiinua upande, karibu ilale sawasawa na sakafu, uso umetulia, wala jasho la kujionyesha halimo, na sauti itokayo ni nyepesi, imeachiwa nafasi ya kupumua, ilhali wenzake wengi wa siku zile walikuwa wakishindana kwa nguvu ya pumzi. Mwaka 1947 Charlie Parker alirekodi kipande chenye neno hili katika jina lake. Na kundi la watu tisa lililoongozwa na Miles Davis lilirekodi mwaka 1949 na 1950 muziki uliokuja kukusanywa katika sahani moja mwaka 1957, ikaitwa Birth of the Cool, na tangu hapo neno likawa jina la mtindo mzima wa jazi.

Lakini kwa nini watu hawa walitukuza ubaridi, na si moto? Jawabu halimo katika muziki peke yake. Lester Young aliandikwa jeshini mwaka 1944. Mwaka uliofuata akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, akafungwa katika kambi ya Georgia, na alipotoka akarekodi kipande kinachoitaja kambi ile kwa herufi zake. Miles Davis, mwezi Agosti 1959, mwezi uleule uliotoka Kind of Blue, sahani yake ipendwayo kuliko zote, alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa Birdland mjini New York, ambako yeye ndiye aliyekuwa akipiga usiku ule. Alikuwa amemsindikiza mwanamke mmoja wa kizungu kwenye teksi. Askari akamwamuru aondoke. Davis akamwonyesha jina lake lililoandikwa kwa taa juu ya mlango. Haikumfaa kitu, alipigwa kichwani, damu ikatapakaa kwenye nguo zake, akapelekwa kituoni.

Mtu mweusi katika Marekani ya zama hizo alijua kwamba hasira yake, hata ikiwa ya haki namna gani, ingeweza kumgharimu kazi, uhuru au roho. Kwa hiyo kujizuia hakukuwa pambo, bali ilikuwa ngao. Na zaidi ya ngao, ilikuwa namna ya kumwambia mdhalimu, bila ya kufungua kinywa, kwamba ameweza kukitawala kila kitu isipokuwa nafsi ya mtu aliye mbele yake. Kumsifu mwenzio kwa neno lile kulikuwa ni kushuhudia kwamba yamemfika ya kumfika na bado anajimiliki. Hiyo ndiyo thamani ya sarafu kabla haijachakaa kwa kupita mikononi mwa watu.

Mwanachuoni Robert Farris Thompson wa Chuo Kikuu cha Yale alikwenda mbali zaidi. Katika makala yake ya mwaka 1973 juu ya uzuri wa ubaridi, alionyesha kwamba watu wa Afrika ya Magharibi, na hasa Wayoruba, walikuwa na istilahi yao, itutu, iunganishayo ubaridi na utulivu wa uso, murua, upatanifu na kuponya. Na kwamba sanaa zao za kuchonga na za kucheza ngoma zilifundisha uso utulie hata mwili unapokuwa katika shughuli nzito. Kwa rai yake, waliovushwa bahari kwa minyororo walivuka pia na elimu hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wenyewe walilisifu neno bila hadhari. Mshairi Gwendolyn Brooks wa Chicago, Mwamerika mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, alichapisha mwaka 1959 shairi fupi la vijana saba walioacha shule wakawa wanashinda kwenye meza za puli, wakijisifu kwa neno hilihili. Na shairi linapokoma, limekwisha kutuambia kwamba maisha yao hayatakuwa marefu. Uso wa utulivu umebaki, lakini ndani yake hamna tena cha kutuliza.

Penye sifa, mfanyabiashara hafiki nyuma. Mwaka 1933 kampuni moja ya Marekani ilitoa sigara za menthol zilizoitwa kwa neno hili, tahajia imegeuzwa kidogo, na katika miaka iliyofuata zikatangazwa kwa bidii miongoni mwa watu weusi. Zikafuata nguo, magari, viatu na vinywaji, kila kimoja kikijidai kumpa mnunuzi kwa fedha kile ambacho wengine walikuwa wamekipata kwa stahamala. Baadaye hata serikali na nchi zikalitamani. Tony Blair alipochukua uongozi wa Uingereza mwaka 1997, magazeti yalikuwa yakiisifu nchi ile kwa kulichezea jina la wimbo wake wa zamani wa kizalendo. Na serikali ya Japani, katika kiangazi cha mwaka 2005, ilitangaza kampeni ya Cool Biz, iliyowataka watu wa maofisini wavue tai na makoti, na mashine za kupoza hewa ziwekwe kwenye nyuzi 28, ili umeme usitumike kwa israfu. Hapo neno lilirudi kwenye kipimajoto lilikoanzia, huku likiwabembeleza makarani wajione watanashati.

Hata wataalamu wa habari hawakuliacha. Marshall McLuhan wa Kanada, katika kitabu chake cha mwaka 1964 juu ya vyombo vya mawasiliano, aliviita vyombo vingine vya moto, yaani vile vimpavyo mtu kila kitu kikiwa tayari, na vingine vya baridi, yaani vimwachiavyo nafasi ya kujaza mwenyewe. Televisheni aliiweka kwenye baridi, na redio kwenye moto. Basi kwa hukumu ya bwana yule, ninyi na mimi tumo motoni tangu mwanzo wa mazungumzo haya.

Leo neno limekuwa jepesi mno. Ukimwambia Mmarekani kwamba utafika saa kumi, atakujibu kwa neno hilo, na maana yake ni vyema. Ukimwomba radhi, atalisema, na maana yake ni yamekwisha. Wawili waliogombana wakiulizana kama wamo katika ubaridi, wanaulizana kama pana amani baina yao. Lakini mtu wa tatu akisema kwamba mmoja wao amekuwa na ubaridi kwa mwenziwe, anasema kwamba mapenzi yamepungua. Neno ni moja, watu ni walewale, na maana zinapigana. Kinachoamua ni nani anasema, anamwambia nani, na kwa sauti gani; na hili ni kweli kwa kila neno la mitaani.

Waswahili hatuna haja ya kustaajabu, maana nasi tunalo letu: poa. Sikilizeni haya, ambayo kila nyumba yaweza kuyatoa. Mama amemwona mwanawe amekaa kibarazani, kimya, chakula hakukigusa, anamwuliza, "Mwanangu, mbona umepoa leo?" Naye kijana anajibu, "Niko poa tu, mama." Mama ameuliza kwa wahaka, ameona unyonge au homa, kijana amejibu kwa neno lilelile kwamba hana neno. Vivyo hivyo, mwenye duka akilalamika kwamba biashara imepoa, anataka umpe pole. Mtazamaji akisema mchezo umepoa, anataka kurudishiwa kiingilio. Lakini anayeulizwa mambo akajibu poa, mambo yake ni mazuri. Na ajihadhari mgeni anayejifunza lugha yetu asimsifu binti wa watu kwa kumwita dada poa, maana jina hilo mjini limekwisha kupewa wanawake wa biashara ya usiku, na kusudio lake jema halitamwokoa na ghadhabu ya kaka zake.

Wazee wengine hulidharau jibu hili la vijana, wakaona ni kivuli cha Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kwa upole naomba kupinga. Kabla ya sinema na kabla ya redio, Mswahili alikuwa akipoza moyo wa aliyefiwa, akisema jeraha limepoa likiwa limepona, akimwita mtu mpole aliyetawala hasira zake, na nahodha akisifu bahari kwa kusema ni shwari. Hata hilo la shwari vijana wamelichukua, wakajibia salamu. Ubaridi uliokuwa afya, amani na tabia njema ulikuwamo katika lugha yetu siku zote, na vijana walipolisogeza neno hatua moja, walilisogeza katika njia iliyokwisha kufyekwa na babu zao. Fauka ya hayo, wao wenyewe wanajua mipaka yake: kijana yuleyule anayewajibu wenzake poa kijiweni, akipita mzee husimama akasema shikamoo, na akiulizwa hujambo, hujibu sijambo.

Kwa hiyo, kwa wazee nasema wasilifukuze neno lililozaliwa nyumbani. Na kwa vijana nasema kwamba kulisema ni rahisi, kulistahili ni kazi. Nguo haiwezi kumpa mtu sifa hii, wala sigara, wala kofia iliyolazwa upande. Anayeistahili ni yule aliyekuwa na kila sababu ya kuwaka, akajizuia, na asipoteze haki yake wala heshima yake kwa kujizuia huko. Sisi wengine tunaolitumia kila saa tumeliazima kwake.